MTI WA BAY'A UNAOTA KATANGI



Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu wa Ramadhan. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya mti. Tena si mti wa kutafuta mbali. Toka nje kidogo ya soko la Katangi, tembea kama unakwenda malishoni, utauona. Kichwa chake kimetandaa kama mwavuli, miiba yake mirefu meupe, na matunda yake yamejikunja kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa. Wakamba tunauita mulaa. Kiswahili chasema mgunga. Wamaasai wanauita oltepesi, na ndugu zetu Wasomali wanauita qurac. Wakati wa kiangazi mbuzi wanakaa chini yake wakingojea matunda yaanguke.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, mhadhiri wetu wa biolojia alisimama mbele ya darasa akasema kwamba kwa kanuni za sasa, mti huo hauitwi tena Acacia. Jina hilo limekwenda Australia. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijiuliza: jina la mti wetu linachukuliwaje na watu wa mbali, na sisi tusijue? Nilipolifuatilia swali hilo nilikuta historia ndefu, na ndani yake wamo Waislamu wengi. Hiyo ndiyo nitakayowasimulia.

JENASI NA SPISHI NI NINI?

Kwanza tuelewane maneno. Chukua punda, yule anayetubebea mitungi ya maji. Chukua na farasi, na pundamilia wa mbugani. Mtu yeyote akiwaona anajua hawa ni wa ukoo mmoja: kwato moja moja, shingo yenye manyoya, sura zinafanana. Lakini pia anajua si kitu kimoja. Basi wataalamu wanauita ukoo ule jenasi, na kila kundi ndani yake wanaliita spishi. Jenasi ya hawa watatu ni Equus.

Utajuaje kama wawili ni spishi moja au mbili? Kipimo kimoja kinachotumika sana ni uzazi. Punda na farasi wakipandana huzaliwa baghala, ambaye Qur'an inamtaja pamoja na hao wawili katika Suratun Nahl aya ya 8. Baghala ana nguvu sana, lakini kwa kawaida hazai. Kizazi kinaishia hapo. Kwa hiyo farasi na punda ni jenasi moja, spishi mbili.

Na hebu litazame lile jina la Kiswahili, punda milia. Neno la kwanza linataja ukoo, la pili linataja alama. Wazee wetu walifanya hivyo bila kwenda chuo kikuu.

WAISLAMU NA ELIMU YA MAKUNDI

Kwa Muislamu jambo hili linaanzia mbali. Katika Suratul Baqara aya ya 31 na 32 tunasoma kwamba Allah alimfundisha Nabii Adam (A.S.) majina yote, na kwamba malaika walipoulizwa walikiri kuwa hawana elimu ila waliyofunzwa. Katika Suratun Nur aya ya 45 tunaambiwa kila mnyama ameumbwa kwa maji, na papo hapo wanapangwa: wanaokwenda kwa matumbo, wanaokwenda kwa miguu miwili, na wanaokwenda kwa minne. Katika Suratul An'am aya ya 38 tunaambiwa kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi.

Wanazuoni walizisoma aya kama hizi, wakasoma na vitabu vya Wayunani. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika Kitabul Hayawan, na humo aliwagawa wanyama kwa mwendo wao: wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea na wanaotambaa. Abu Hanifa ad-Dinawari, aliyefariki karibu mwaka 895, aliandika Kitabun Nabat, na alikusanya humo majina ya mimea kama yalivyotamkwa na mabedui wenyewe. (Huyu si Imam Abu Hanifa wa madhehebu, msichanganye.) Baadaye akaja Ibn al-Baytar wa Andalusi, aliyefariki Damascus mwaka 1248, akaorodhesha dawa na vyakula vipatavyo 1,400.

Wanazuoni wa mantiki nao walitumia maneno mawili: jins, yaani kundi kubwa, na nau', yaani kundi dogo lililo ndani yake. Neno jins Waarabu walilipata kwa Wayunani waliosema genos, na Walatini wana ndugu yake, genus. Sisi Waswahili tunasema jinsi. Kwa hiyo ukisema "jenasi" darasani na "jinsi" nyumbani, umetamka neno moja lililopita njia mbili!

Wala msidhani yalikuwa mazungumzo ya vitabuni tu. Hukumu zilisimama juu yake. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, Bilal (R.A.) alimletea Mtume (S.A.W.) tende nzuri za barni, akaeleza kuwa ametoa pishi mbili za tende duni kupata pishi moja ya hizi. Mtume akamwambia hiyo ndiyo riba yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu tende nzuri na tende mbaya zote ni jinsi moja, na jinsi moja hubadilishwa sawa kwa sawa. Ona sasa, ukikosea kupanga makundi, umeingia katika riba.

Mfano mwingine ni wa zakati ya mifugo. Mwenye mbuzi 20 na kondoo 20 amefikisha nisabu ya 40, kwa sababu mafaqihi wanawahesabu pamoja. Lakini mwanabiolojia atakwambia mbuzi ni jenasi ya Capra na kondoo ni jenasi ya Ovis. Nani amekosea? Hakuna. Faqihi anapanga kwa haki ya maskini, mwanabiolojia anapanga kwa nasaba ya kiumbe. Kila mpangilio una swali lake.

KIJANA ALIYEFIA YEMEN

Sasa turudi kwenye mti wetu. Mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden aitwaye Carl Linnaeus alitoa kitabu kiitwacho Species Plantarum, chenye spishi karibu 6,000 za mimea. Kabla yake mmea mmoja uliweza kuitwa kwa sentensi nzima ya Kilatini. Yeye akaupa kila mmea majina mawili tu, la jenasi na la spishi, na dunia yote ikamfuata.

Mwanafunzi wake mmoja aliitwa Peter Forsskål. Mwaka 1761 aliondoka Copenhagen na msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Misri na Yemen. Walikuwa watu sita. Forsskål alikuwa akiuliza wenyeji majina ya mimea kwa Kiarabu na kuyaandika. Homa ya malaria ikamshika, akafa huko Yarim, Yemen, Julai 1763, akiwa na miaka 31. Katika wale sita alirudi mmoja tu, Carsten Niebuhr, na ndiye aliyechapisha kazi ya mwenzake mwaka 1775.

Ndani ya kitabu hicho umo mti mmoja wa miiba aliouita Mimosa tortilis. Tortilis maana yake ni iliyojikunja, kwa ajili ya yale matunda. Wataalamu wa baadaye wakauhamisha, ukawa Acacia tortilis. Ndugu msomaji, huo ndio mulaa! Ule ule wa Katangi.

Na Waarabu wanauitaje? Wanauita samur, na mmoja wake ni samura. Wanaoishi Oman wanaijua asali ya sumr na bei yake.

SAMURA YA HUDAYBIYA

Hapa ndipo moyo wangu ulipotetemeka. Mwaka wa 6 Hijria, maswahaba wapatao 1,400 walimpa Mtume (S.A.W.) mkono wa ahadi pale Hudaybiya, chini ya mti. Allah akatangaza radhi Zake juu yao katika Suratul Fat-h aya ya 18. Jabir bin Abdillah (R.A.), aliyekuwepo, anasimulia katika Sahih Muslim kwamba Umar alikuwa ameushika mkono wa Mtume chini ya mti huo, na anautaja ni mti gani. Anasema ulikuwa samura.

Wataalamu wa mimea ya Arabuni wanaitambua samura kuwa ndiyo ile tortilis. Kwa hiyo mti unaowapa mbuzi wetu kivuli ni wa spishi ile ile iliyowapa kivuli maswahaba siku ile.

Kuna na jambo la pili. Said bin al-Musayyab alipokea kutoka kwa baba yake, ambaye alikuwepo Hudaybiya, kwamba waliporudi mwaka uliofuata hawakuweza tena kuutambua mti wenyewe. Miti ya samura ilikuwa mingi, inafanana. Spishi ilijulikana, mti mmoja ukapotea kati ya wenzake. Naona hapo pana hekima: hatukuachiwa shina la kuliabudu.

KURA ILIYOLIHAMISHA JINA

Basi ilikuwaje Acacia ikaenda Australia? Neno hilo ni la Kiyunani cha kale. Dioscorides, mganga wa karne ya kwanza, aliliandika kwa mti wa miiba wa Misri, ule ambao Wakamba tunauita musemei. Waarabu walipotafsiri kitabu chake huko Baghdad karne ya 9, waliandika aqaqiya. Kwa hiyo jina lilizaliwa Afrika, kwa mti wa Afrika.

Baadaye wataalamu wakalipanua hata jenasi ikafika spishi zaidi ya 1,300, na karibu 1,000 katika hizo ziko Australia. Vinasaba vilipochunguzwa ikaonekana si ukoo mmoja. Lazima ugawanywe. Lakini kanuni ni kwamba jina la zamani linabaki na kundi moja tu. Nani abaki nalo?

Suala hilo liliamuliwa kwenye mkutano wa wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005. Kamati ilikuwa imependekeza Australia, kwa hoja kwamba huko ndiko majina mengi zaidi yangebadilishwa. Karibu asilimia 55 ya kura zilipinga pendekezo hilo. Lakini sheria ilitaka asilimia 60 ili kuliangusha, kwa hiyo likapita. Mwaka 2011 jambo likathibitishwa Melbourne, Australia kwenyewe.

Migunga yetu mingi ikapewa majina mawili. Yenye miiba mirefu iliyonyooka na maua ya duara kama vishada vidogo ni Vachellia. Yenye miiba mifupi iliyopinda kama kulabu, na maua yake kwa kawaida ni marefu kama mkia, ni Senegalia. Mulaa wetu sasa ni Vachellia tortilis, ingawa una miiba ya namna zote mbili, mirefu na ya kulabu. Hilo jina Vachellia ni la kasisi wa Kiingereza aliyeitwa Vachell, aliyekusanya mimea huko China.

Najua mtasema, "Hii ni dhulma!" Hata mimi nilisema. Lakini kura hizo hizo zinaweza kurekebisha pia. Mwaka 2024, huko Madrid, wataalamu walipiga kura 351 kwa 205 kuondoa neno caffra katika majina ya mimea. Neno hilo linatokana na neno letu kafiri, ambalo walowezi wa Afrika Kusini waliligeuza kuwa tusi kwa mtu mweusi. Sasa linakuwa affra, yaani wa Afrika. Na mmoja wa miti iliyopata jina jipya ni mgunga wa huko kusini. Hoja hiyo ililetwa na wataalamu wa Afrika Kusini walioingia katika elimu hii na kusema kwa hoja. Anayekaa nje analalamika tu.

TUJIFUNZE NINI?

Nilimpigia susu, nyanya yangu, nikamwambia mulaa umebadilishwa jina. Akaniuliza, "Na mbuzi wameambiwa?" Nilicheka sana, lakini nikaona ana hoja. Majina ya wataalamu yanabadilika kwa sababu elimu ya binadamu haijakamilika. Kilichoumbwa hakikubadilika.

Hatari yetu hapa Katangi ni nyingine. Mti ukishaingia kwenye gunia la makaa, hauna tena jenasi wala spishi. Hauna hata jina la Kikamba. Unakuwa makaa tu, una bei. Vijana wengi wa rika langu hawawezi kutofautisha mulaa na musemei, kwao yote ni "miti ya miiba". Na mtu usichokijua jina, hukionei uchungu kikikatwa. Sisemi mwenye njaa asipike. Nasema tujue tunachokata, tuache mama wa mbegu, na tupande. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mti anaoupanda Muislamu, akala ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Mbuzi wa jirani akiokota tunda la mulaa ulioupanda wewe, imeandikwa.

Basi Ramadhan hii, baada ya Alasiri na kabla ya futari, mchukue mdogo wako mkatembee. Muulizeni mzee mmoja majina ya miti mitano. Yaandikeni, kama alivyofanya ad-Dinawari kwa mabedui. Na mkifika chini ya mulaa, mwambie mdogo wako: chini ya mti kama huu, watu 1,400 walimuahidi Mtume wao, na Allah akawa radhi nao.

Twamuomba Allah atukubalie saumu zetu, atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa waangalizi wema wa ardhi Yake. Amin.

Wallahu a'lam. Ramadhan Kareem.