Vile vitundu puani mwa papa

Haya wadau, leo siasa za bwenini naziweka pembeni, na mitihani nayo isubiri. Historia kidogo, tena ya samaki.

Wapemba wenzangu mnaonunua papa pale Tumbe, mshawahi kukitazama kichwa chake kabla hakijapigwa kisu? Puani kote vitundu vidogo vidogo, ukiminya vinatoa ute mzito. Taa naye anavyo. Mwaka 1678 Mwitaliano Stefano Lorenzini aliwapasua taa wanaopiga umeme, akavieleza vitundu hivyo vizuri sana. Kazi yake ikamshinda kuijua. Basi vikapewa jina lake, kazi hakuna! Waliofuata wakabuni: eti vinapima joto, eti mgandamizo wa maji.

Jibu likaanzia mbali na bahari. Hans Lissmann wa Cambridge alimshangaa Gymnarchus, samaki wa Mto Nile, anavyoogelea kinyumenyume bila kugonga kitu. Mwaka 1951 akatangaza kuwa mkia wake unatoa umeme mdogo mfululizo, mdogo kiasi kwamba ukimshika husikii kitu. Umeme huo unamzunguka mwili mzima. Jiwe likikaribia linauzuia, kiumbe hai anaupitisha kirahisi. Ngozi inaipata tofauti hiyo, neva zinaipeleka ubongoni, naye anajua kuna nini na kiko wapi. Mwaka 1958 Lissmann na Ken Machin wakaonyesha kuwa anaweza kutofautisha vyungu viwili vilivyofanana kwa nje, kimoja kina maji matupu, kingine kina fimbo ya kioo ndani. Giza kwake si hoja. Ndugu zake tunao Ziwa Victoria, wale domodomo, ila wao hupiga umeme kwa mapigo mapigo.

Sasa papa. Yeye hatoi wake, anausikiliza wa wenzake, maana kila kiumbe hai majini huvujisha umeme kidogo. Mwaka 1971 Mholanzi Adrianus Kalmijn alificha samaki bapa chini ya mchanga, ndani ya agari, ule ute wa kugandisha unaotokana na mwani (si huu wetu wa kulima). Harufu haitoki moja kwa moja, umeme unapita. Papa akaja pale pale. Akafunika kwa plastiki nyembamba inayozuia umeme: papa akapita kama hakuna kitu. Mwisho akafukia nyaya za umeme tu, bila samaki yeyote. Papa akafukua, akazing'ata!

Miaka 293 kujua kazi ya kitundu.

Na hapa ndipo ninapokwama. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71, na hesabu hiyo inaanzia 1970, mwaka mmoja tu kabla ya Kalmijn. Sababu kubwa ni uvuvi. Na mie papa mkavu kwa wali wa nazi, wallahi, bado sijamwacha.