SALMAN AL-FARSY: MUAJEMI ALIYEKUBALI KUBADILIKA NA RAFIKI ALIYEKUBALI KUAMBIWA



Ndugu msomaji, hebu nikuulize kabla hatujaenda mbali. Ni lini mara ya mwisho rafiki yako alikwambia kosa lako, nawe ukalikubali palepale? Mimi niliambiwa Ramadhan moja, na wallahi nilikasirika. Nitakusimulia, lakini kwanza tumtazame sahaba ambaye kisa chake kilinitia haya, Salman Al-Farsy (R.A).

Wengi wetu twamjua kwa lile handaki la Madina tu. Lakini maisha yake yaanza mbali na Madina. Alizaliwa Uajemi, nchi ambayo leo twaiita Iran, katika kijiji cha Jayy upande wa Isfahan. Nchi ilitawaliwa na wafalme wa Kisasani na dini ya dola ilikuwa ya Kimajusi. Jamii yao ilipangwa kwa matabaka: makuhani, wapiganaji, makarani wa serikali, kisha wakulima na mafundi. Mtoto alifuata tabaka la babake, na kutoka humo haikuwa rahisi. Babake Salman alikuwa mkuu wa kijiji mwenye mashamba, na Salman alipewa kazi ya kuutunza moto usizimike. Yaani huyu hakuwa kijana aliyekosa kitu. Mali ilikuwako, heshima ilikuwako, na babake alimpenda mpaka hamruhusu kutoka.

Siku moja akatumwa shambani. Njiani akasikia Wakristo wakisali kanisani, akaingia, akakaa mpaka jua likatua. Shamba hakufika. Aliporudi alisema kweli, kwamba ameiona dini ile kuwa bora kuliko yao. Babake akamtia minyororo miguuni. Salman akajinasua, akafuata msafara hadi Sham.

Huko mwalimu wake wa kwanza alikuwa mkubwa wa kanisa aliyekula sadaka za maskini. Mimi na wewe pengine tungesema "kumbe hawa wote ni waongo," tukarudi kwetu. Salman hakurudi. Alitafuta mwalimu mwema, na kila mmoja akifa anahamia kwa mwingine, Mosul, Nasibin, mpaka Amuriya. Wa mwisho alimwambia kuwa wakati wa Mtume wa Uarabuni umekaribia, akampa alama za kumjua: atakula zawadi, hatakula sadaka, na baina ya mabega yake pana muhuri wa utume. Wafanyabiashara aliowalipa wamfikishe Uarabuni wakamgeuka, wakamuuza. Ndivyo alivyofika Madina, akiwa mtumwa wa mtu wa Banu Quraydha.

Mtume (S.A.W) alipohamia mwaka 622, Salman alizijaribu zile alama moja moja. Zilipotimia, alilia na kusilimu. Lakini bado hakuwa huru! Badr na Uhud zilimpita kwa sababu ya utumwa. Bei ya uhuru wake ilikuwa miche 300 ya mitende na wakia 40 za dhahabu. Mtume (S.A.W) akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, huyu 20, huyu 10, kila mtu kwa uwezo wake, na Mtume akaipanda kwa mkono wake mtukufu.

Mwaka wa 5 Hijria (627) Makureshi na washirika wao, watu kama 10,000, waliijia Madina iliyokuwa na wapiganaji 3,000. Salman akaeleza kuwa kwao Uajemi watu wakizingirwa huchimba handaki. Hata neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, likapita kwa Waarabu mpaka likatufikia sisi. Sasa tazama hapa. Salman aliuacha moto, lakini hakuitupa elimu ya kwao. Na Waarabu hawakusema "huyu ajami, tena juzi alikuwa mtumwa, atatufundisha nini?" Walishika majembe.

Na Waajemi kwa jumla walipita njia hiyohiyo. Hawakusilimu wote siku moja, ilichukua vizazi. Dini ya moto waliiacha, lugha yao hawakuiacha, ila waliiandika kwa herufi za Kiarabu. Imam Muslim, ambaye Sahih yake twaisoma, aliishi na kufa Nishapur mwaka 875. Sibawayhi, aliyetunga kitabu kikuu cha nahau ya Kiarabu, alikuwa Muajemi. Kwa hiyo kila ukikunja miguu madrasa kusoma nahau, kuna Muajemi aliyekutangulia.

Sasa tuje kwenye urafiki. Mtume (S.A.W) alimuunga Salman udugu na Abu Dardaa (R.A), Mwanswari wa Madina. Imam Bukhari amepokea kwamba Salman alikwenda kumzuru akamkuta mkewe amejiacha, hana hata hamu ya kujipamba. Kuuliza, akaambiwa mwenye nyumba hana haja na dunia. Chakula kikaletwa, Abu Dardaa akasema amefunga (saumu ya sunna). Salman akakataa kula mpaka ale naye. Usiku Abu Dardaa akaamka kuswali, Salman akamwambia alale. Akaamka tena, akamwambia alale. Mwisho wa usiku wakaamka wote, wakaswali. Ndipo akamkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki. Abu Dardaa akalipeleka jambo kwa Mtume (S.A.W), naye akamsadikisha Salman.

Nami je? Ramadhan hiyo nilirudi nyumbani likizo. Usiku tarawehe na kisimamo, mchana nalala mpaka alasiri. Mamangu alikuwa akikanda mahamri ya kuuza jioni, na maji anateka mwenyewe. Rafiki yangu wa tangu madrasa akapita kunitafuta, akamkuta na mitungi mikononi. Baada ya tarawehe akanivuta kando: "Thawabu zako zabebwa na mamako." Nilimnunia kama wiki mbili, salamu ikawa ya mdomo tu. Kisha msikitini ikasomwa hadithi hii ya Salman. Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake nikashika mtungi, kisha nikaenda kumtaka radhi. Aliniuliza tu kama mahamri yamebaki.

Hao wawili udugu wao haukukatika. Abu Dardaa alipokuwa kadhi Dimashq, alimwandikia Salman ahamie huko, ardhi takatifu. Salman akamjibu kuwa ardhi haimtakasi mtu, ila amali yake, na akamuonya juu ya uzito wa ukadhi. Wakati huo Salman mwenyewe alikuwa amepewa uamiri wa Madain, mji uliokuwa wa wafalme wa Kisasani. Mtoto aliyefungwa minyororo!

Ndugu yangu, dada yangu, mwezi huu usiangalie juzuu umefika ngapi peke yake. Mtazame rafiki uliyemnunia. Pengine alikwambia kweli. Mpelekee japo kokwa ya tende, mfuturu pamoja.

Allah (S.W.T) atujaalie marafiki wa kutuambia, na nyoyo za kukubali. Amin. Wabillahi tawfiq.