Geuza Kukufaa

Ukifungua mipangilio ya programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, mara nyingi utakutana na maneno "geuza kukufaa". Ni kuirekebisha programu ifuate matakwa ya anayeitumia. Wapo wanaosema "kubinafsisha", lakini kwa Mtanzania aliyeona mashirika ya umma yakiuzwa miaka ya 1990, neno hilo lina mwenyewe tayari. "Geuza kukufaa" linaeleweka. Kasoro yake ni kubeba kazi tatu ambazo gharama zake hazikaribiani.

Mchukulie mzee mmoja, mnunuzi wa tangawizi wa Same. Anapanda mlimani hadi Mamba Miamba, anapima mzigo, anaushusha mjini na kuusafirisha Dar es Salaam. Daftari limemshinda. Kijana wa kompyuta anamwekea ERPNext, programu huria ya biashara iliyoanzia Mumbai. Leseni yake, GPL, inaruhusu kuitumia, kuifungua na kuibadili bila kumwomba mtu. Mzee anafurahi: "Sasa mwanangu, nirekebishie vitu vidogo vidogo tu."

Cha kwanza ni nembo ya duka kwenye ankara, na bei zisomeke kwa shilingi. Hiyo ni mipangilio. Mchana mmoja unatosha. Cha pili ni fomu ya fedha anazowatangulizia wakulima kabla ya mavuno, kila mmoja na deni lake. Hapo inaundwa nyongeza inayokaa pembeni bila kuigusa programu yenyewe. Risiti za mashine za kielektroniki (EFD) zinazodaiwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) nazo huingia kwa mlango huohuo, ingawa nyongeza hiyo italazimika kubadilika kila kanuni za kodi zikibadilika.

Cha tatu ndicho chenye balaa. Tangawizi mbichi ikikaa ghalani hupungua uzito. Kilo zilizonunuliwa mlimani si zile zitakazouzwa sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, na programu inaona mzigo umepotea. Njia ya kuandika upungufu huo ipo, ila ni hatua kadhaa za kurudiwa kila mara mzani unapotumika, na mzee hana subira nazo. Kijana anakata kona: anafungua msimbo wenyewe na kubadili mistari michache. Jioni hiyo hesabu zinakubali, na mzee anamnunulia soda.

Miezi inapita, toleo jipya linatoka likiwa na viraka vya usalama. Likiwekwa, linafuta ile mistari au linagongana nayo. Lisipowekwa, duka linabaki na programu yenye matundu ambayo dunia nzima imeshatangaziwa. Lawama huiangukia programu huria, kwamba "vya bure hivi ndivyo vilivyo". Mimi naona huo ni uonevu. Leseni ilitoa ruhusa ya kugeuza. Haikuahidi mtu wa kutunza kilichogeuzwa.

Ningependa mafundi wetu wakiachie kitenzi "kugeuza" hiyo kazi ya tatu peke yake. Ya kwanza iwe "kupanga", ya pili "kuongezea", na makadirio ya bei yataje ni ipi kati ya hizo, na nani atalipwa toleo jipya likitoka. Bila hivyo, kijana akipata ajira Dodoma, fundi atakayeitwa baada yake ataanza kwa kuuliza mistari gani iliguswa. Mzee atamjibu kwamba kilichofanyika kilikuwa kurekebisha kidogo tu.