Taarikhi ya Krioli ya Morisi

Mashariki ya Bukini, jina ambalo wazee wa pwani yetu walikiitia kisiwa kikubwa cha Madagaska, kiko kisiwa cha Morisi, ambacho ukubwa wake unapita kidogo tu ule wa Unguja, na ambacho taarikhi yake inapambanuka na ya visiwa vyetu vyote kwa jambo moja, nalo ni kwamba hakikuwa na mwenyeji. Mabaharia wa Kiarabu walikijua zamani, maana ramani ya Cantino ya mwaka 1502, iliyochorwa Ureno, inavitaja visiwa vya upande huo kwa majina yenye asili ya Kiarabu. Lakini hapana aliyejenga nyumba, wala kuchimba kisima, wala kuzika wafu wake huko. Kwa hiyo kila lugha inayosemwa leo katika Morisi ilishuka pwani kutoka chomboni, isipokuwa moja, ambayo ilizaliwa kisiwani penyewe vinywani mwa watumwa. Na hiyo moja, isiyokuwa na serikali ya kuilinda wala kitabu kitakatifu cha kuitukuza, ndiyo iliyozishinda zote.

Waholanzi walifika mwaka 1598, wakakipa kisiwa jina la mtawala wao, Maurits wa Nassau, na tangu mwaka 1638 wakajaribu kukaa mara mbili, wakapanda miwa kutoka Java na kuleta watumwa kutoka Bukini, mpaka walipokata tamaa na kuondoka mwaka 1710. Waliacha miwa, kulungu na jina. Ndege aitwaye dodo hakuwapo tena, na lugha yao haikumpata mrithi.

Wafaransa walikitwaa kisiwa mwaka 1715, wakakiita Isle de France, wakaanza kukaa mwaka 1721; na alipofika gavana Mahé de Labourdonnais mwaka 1735, akaazimia kuifanya Port Louis kuwa bandari ya maana, kazi ya kujenga gati, ghala, hospitali na mifereji ya maji ilihitaji mikono mingi kuliko ile iliyokuwapo. Mikono hiyo ilitolewa kila upande: Bukini, Msumbiji, Senegal na nchi nyingine za Afrika Magharibi, pamoja na mafundi kutoka Pondicherry katika Bara Hindi. Tusidhani kwamba watu hawa walielewana. Mmalagasi hakumfahamu Mwolofu, wala Mwolofu hakumfahamu Mmakua, wala Mmakua hakumfahamu Mtamil; na bwana aliyewanunua, ambaye aghalabu mwenyewe alikuwa baharia au askari mwenye Kifaransa cha mashambani kwao, hakuwa na nia ya kumfundisha yeyote. Walichokuwa nacho kwa shirika ni maneno machache ya amri na ya kazi, na kwa maneno hayo mtumwa wa zamani alimwelekeza mtumwa mgeni, si kwa Kifaransa cha bwana, kwa kuwa bwana alikuwa mbali, bali kwa namna yake yeye mtumwa. Hata watoto waliozaliwa humo wakaikuta lugha imekwisha kuwapo, wakaijaza, wakaitia nidhamu, wakaifanya yao.

Wataalamu wamebishana sana juu ya chimbuko hilo. Robert Chaudenson, bingwa wa Kifaransa, alishikilia kwamba mbegu ya Krioli ya Morisi ililetwa kutoka kisiwa jirani cha Bourbon, kinachoitwa leo Reunion. Naye Mwingereza Philip Baker akajibu kwamba ilichipua Morisi penyewe. Mimi naiona hoja ya Baker kuwa na uzito zaidi, maana Krioli ya Reunion hata leo imekaa karibu sana na Kifaransa, ilhali ile ya Morisi imejitenga nacho kwa mengi, kama mwana aliyelelewa na watu wengine.

Na watu wengine hao, sehemu yao kubwa, walikuwa ndugu zetu. Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa mfanyabiashara wa watumwa, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, ambao kwa huo Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, na mkataba ukaandikwa uwe wa miaka 100. Msomaji anayepita leo katika magofu ya Kilwa Kisiwani, akauona msikiti mkuu na kustaajabia kuba zake, yampasa akumbuke pia kwamba kutoka mwambao ule vyombo vilitweka kwenda Isle de France vikiwa vimejaa watu. Wengi wao hawakuwa wa mjini. Walikuwa watu wa bara, walioshushwa pwani kwa miguu, wakasikia Kiswahili njiani na katika vyumba vya kungojea meli, kisha wakavushwa bahari. Huko walikofika, daftari za serikali hazikujali kabila wala kijiji: atokaye Kilwa na atokaye Ibo, kisiwa cha Msumbiji, wote waliandikwa kwa neno moja tu, Mozambique. Biashara hii haikukoma kwa sheria ya kwanza iliyoikataza, na ndiyo maana mwaka 1822 Waingereza, waliokuwa wamekwisha kukitwaa kisiwa, walimtuma Kapteni Moresby kufanya mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo.

Je, lugha za watu hawa zilipotea bure? Hapa inafaa tuitazame Krioli yenyewe kwa karibu. Maji huitwa dilo, nyumba lakaz, mwezi lalinn, mchele diri, nyota zetwal. Na ndani ya kila jina la namna hii mna kijineno cha Kifaransa kinachotangulia majina, kilichogandamana na jina lenyewe hata hakibanduki tena. Majina kama haya ni mamia, mengi kupita yale yaliyomo katika Krioli ya Haiti, nayo Haiti ilitawaliwa na Wafaransa hao hao. Wako wataalamu wanaoona kwamba sababu ni Wabantu: mtu aliyezoea tangu utotoni kwamba kila jina lina kiambishi chake mwanzoni, kama mtu na watu, kiti na viti, asingeweza kusikia kipande kile cha mbele akakidhani si sehemu ya jina. Hoja hii haijakubaliwa na wote, lakini kwetu sisi tunaonena lugha ya ngeli ni hoja yenye kunasa moyo, na haifai kuachiwa wageni peke yao kuipima. Tazama tena kitenzi. Mo manze ni nala. Mo ti manze, nilikula. Mo pe manze, niko katika kula. Mo finn manze, nimekwisha kula. Kitenzi chenyewe hakigeuki mwisho wake kama katika Kifaransa, ila alama ya wakati husimama mbele yake, kati ya mtendaji na tendo, mahali pale pale inapokaa li na na na me ya Kiswahili. Najua kwamba Krioli nyingine za dunia zina mpango kama huo, hata zile zisizokuwa na Wabantu wengi, kwa hiyo sidai kuwa ni ushahidi. Nasema tu kwamba Mmakua na Myao, walipoikuta lugha hii, hawakuikuta ngeni kabisa.

Hata katika mchezo wa jioni ukoo huu unasikika. Mtegaji wa vitendawili wa Morisi huita sirandann, na wasikilizaji huitikia sanpek, kisha anatega: maji yaliyosimama wima? Nao hujibu, muwa. Maji yanayoning'inia? Nazi. Mtoto wa Pemba au Lamu angelikaa katika baraza ile asijione mgeni.

Waingereza walikishinda kisiwa mwezi Desemba 1810, wakarudisha jina la zamani, lakini katika masharti ya kukabidhiwa walikubali kwamba wakaaji wabaki na dini zao, sheria zao na desturi zao. Sharti hili moja lilitosha kukiweka Kifaransa pale kilipokuwa: Kiingereza kikawa lugha ya serikali, na katika miaka ya 1840 kikafanywa lugha ya mahakama kuu, lakini magazeti, maongezi ya wenye mashamba na heshima ya mjini vilibaki kwa Kifaransa, na hali hiyo haijaondoka hata leo. Wakubwa hao wawili walipokuwa wakigombea kiti, Krioli iliendelea kusemwa jikoni, shambani, gatini na sokoni, bila ya kuomba idhini ya mtu.

Utumwa ulifutwa tarehe 1 Februari 1835, wakati watumwa walikuwa kiasi cha 66,000. Katika miaka ya 1840, ambapo bado walikuwapo wazee waliozaliwa Afrika, alikuja mtu mmoja wa ukoo wa Kifaransa wenye mizizi kisiwani, Eugène de Froberville, akaketi na mamia ya wazee hao, akawauliza habari za nchi zao, mila zao, na maneno ya lugha zao, akiyaandika moja moja. Baadhi yao aliwapaka plasta usoni ili apate sanamu za nyuso zao, na makumi ya sanamu hizo yamehifadhiwa mpaka sasa katika kasri ya mji wa Blois, Ufaransa: nyuso za watu wazima, macho yamefumbwa ili plasta isiyadhuru, na chale za makabila yao zinaonekana wazi mashavuni na kwenye vipaji vya nyuso. Walikuwa miongoni mwa watu wa mwisho waliosema lugha za Afrika ya Mashariki katika Morisi kama lugha za mama. Wajukuu wao walisema Krioli tu.

Wakati huo lilikuwa limekwisha kuanza wimbi kubwa kuliko yote. Tarehe 2 Novemba 1834 chombo kiitwacho Atlas kilishusha vibarua 36 kutoka Bara Hindi, na hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20 walikuwa wamefuata zaidi ya 450,000, wengi wakitokea Bihar na nchi jirani zake kwa njia ya bandari ya Kalkuta, wengine Madras na Bombay. Ngazi 16 za mawe walizozipanda waliposhuka pwani zimesimama hata leo katika Port Louis, mahali paitwapo Aapravasi Ghat. Kufika mwaka 1871 Wahindi walikuwa karibu theluthi mbili ya watu wote wa kisiwa, na mtu yeyote mwenye busara angalitabiri kwamba lugha yao ya Kibhojpuri, iliyosemwa katika kambi zote za mashamba ya miwa, ingaliifunika Krioli. Na kweli ilienea: mwenye duka Mchina, aliyetoka kwao na Kihakka chake, alijifunza Kibhojpuri ili auze mchele na mafuta, na hata wazao wa watumwa waliokaa vijijini walikisema. Lakini Mtamil, Mtelugu na Mmaratha hawakuwa na sababu ya kukifanya chao, wala Mwislamu wa Gujarati. Nao wote, walipotaka kusemezana na mtu asiye wa kwao, waliikuta Krioli tayari njiani. Wimbi likapita juu ya mwamba, mwamba ukabaki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, zaidi ya asilimia 80 walisema kwamba lugha ya nyumbani mwao ni Krioli, na Kibhojpuri kilikuwa kimeshuka hata asilimia 5 hivi, kikidumu zaidi kwa wanawake wazee, ambao hukusanyika kabla ya arusi kuimba nyimbo za geet-gawai.

Lugha za asili za mababu hazikutupwa. Zilipanda daraja nyingine, zikawa za ibada, za shule na za fahari ya jamaa: Kihindi, Kitamil, Kitelugu, Kimarathi, Kiurdu, Kiarabu, Kichina. Fahari hiyo si jambo dogo. Noti za Morisi huandikwa thamani yake kwa Kiingereza, Kitamil na Kihindi, na mwaka 1998 zilipotolewa noti mpya ambazo Kihindi kimetangulizwa mbele ya Kitamil, Watamil walighadhibika kiasi ambacho noti zile zilirudishwa zikaondolewa. Katika ghasia zile zote, Krioli, lugha ya kila mmoja aliyekuwa akigombana, haikuwamo katika noti.

Dharau hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1822 François Chrestien alichapa mashairi kwa Krioli, akakiita kitabu kwa jina la bobre, ala ya Waafrika ya upinde na kibuyu. Mwaka 1880 Charles Baissac aliandika uchambuzi wa sarufi yake, na mwaka 1888 akatoa hadithi na vitendawili vyake. Lakini hata Baissac, aliyeipenda, aliihesabu kuwa lahaja duni tu. Ilimpasa mtu kama Dev Virahsawmy, aliyedai tangu mwaka 1967 kwamba Krioli ni lugha ya taifa, kuisimamisha katika tamthilia na kumsemesha Shakespeare kwayo, na ilihitajiwa jumuiya ya Ledikasyon pu Travayer, iliyoanzishwa mwaka 1976, kuwafundisha wafanyakazi kusoma kwa lugha wanayoiota usiku. Tahajia nayo ilizua magomvi ya miaka mingi, kila mmoja ana yake, mpaka yalipopatikana maafikiano na Krioli ikaingia katika shule za msingi mwezi Januari 2012, ikiwa somo la hiari. Sisi tuliopewa Kiswahili Sanifu na kamati ya mwaka 1930, tena kwa manung'uniko mengi ya Mombasa na Lamu, tunajua kwamba kukubaliana juu ya maandishi ndiyo nusu ya safari ya lugha.

Nusu iliyobaki ina sehemu inayotuhusu. Katika vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Mombasa wamo watu wanaokijua Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kiswahili cha zamani kama wakijuavyo kiganja cha mkono, na hapana walio bora kuliko wao kuyafungua maandishi ya Froberville na kamusi za Krioli, wakayatambua maneno ya kwao ambayo Mzungu aliyaandika asiyajue. Kazi hiyo naiona ni deni, na nawasihi wenye elimu ya lugha katika mwambao huu walilipe.