Uji wa Viungo katika Pwani ya Waswahili

Uji, yaani chakula chepesi cha unga uliokorogwa katika maji yanayochemka, ulipikwa Afrika Mashariki kwa mtama, mawele na ulezi karne nyingi kabla ya mahindi, zao lenye asili ya Amerika, kufika pwani baada ya ujio wa Wareno. Viungo navyo vilikuja kwa njia ya bahari: pilipili manga, iliki na mdalasini vililetwa na majahazi yaliyosukumwa na kaskazi, upepo wa msimu utokao Asia, ilhali karafuu ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kustawi chini ya Sultani Seyyid Said. Ufundi wenyewe, unaostahili heshima kubwa kuliko inayopewa, umo katika utaratibu: unga huvurugwa kwanza kwa maji baridi ili usifanye madonge, ukamiminwa chunguni huku mwiko ukizunguka bila kusita, kisha tui zito la nazi na pilipili manga iliyotwangwa hutiwa mwishoni, harufu isipotee. Uji huohuo unaonywewa haraka asubuhi kabla ya kazi ndio unaotumika kufungulia saumu katika nyumba nyingi za pwani mwezi wa Ramadhani.