Jengo la Kale Tunalofanyia Mazoezi

Kwaya yetu inapotimiza miaka 50 ya huduma, wengi watatarajia historia yetu ianze na majina ya walimu wa kwaya na nyimbo walizotufundisha. Hayo yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tumeona vyema tueleze habari za jengo tunalofanyia mazoezi, kwa maana lilikaribia kubomolewa, na sisi wenyewe tulichangia kuliharibu.

Wageni wetu mmeliona upande wa kushoto mlipoingia langoni: jengo dogo, jeupe, lenye madirisha membamba. Hilo ndilo lililokuwa kanisa kabla ya hili kubwa tunaloabudia leo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, jinsi watu wa pwani walivyojenga kwa karne nyingi. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, kisha ikamwagiwa maji na kuachwa itulie kabla ya fundi kuitumia. Kuta ni nene, na ndiyo sababu ndani kuna ubaridi hata jua la mwezi wa pili likiwaka. Waimbaji wetu wa kwanza hawakuwa na spika wala kinanda cha umeme. Walisimama mbele, wakaimba, na aliyeketi karibu na mlango akasikia kila neno.

Kanisa jipya lilipokamilika, jengo la kale liligeuka stoo. Viti vilivyovunjika vikarundikwa humo, popo wakahamia darini, na kila masika maji yakapenya paani. Hatimaye likaja pendekezo kwamba libomolewe na mahali pake pajengwe vibanda vya kukodisha. Hatusemi waliopendekeza walikuwa na nia mbaya. Kanisa lilikuwa na deni, na kodi ya vibanda ingesaidia kulipa karo ya watoto yatima tunaowalea. Katika kikao kirefu, mama mmoja wa sauti ya pili aliuliza: "Tunalibomoa kwa kuwa limechoka, au kwa kuwa sisi tuliacha kulitumia?" Baada ya swali hilo wazee wa kanisa walitupa miezi 6 tuonyeshe kwamba jengo linaweza kupata kazi.

Tukaanza kwa kujifunza. Jumamosi moja tulikodi matatu tukaenda Fort Jesus, Mombasa. Wengi wetu tuliwahi kufika huko tukiwa wanafunzi, lakini safari hii tulitazama kuta kwa macho mengine. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa ramani iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1698 Waomani waliiteka baada ya kuizingira kwa karibu miaka 3. Serikali ya Waingereza ikaifanya gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ngome ile ile imekuwa kambi ya askari, kifungo cha wafungwa, na sasa darasa la watoto wa shule.

Tulisoma pia habari za ngome ya Lamu, ambayo nayo ilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Siku hizi wenyeji huingia humo kwa hiari yao: kuna makumbusho, kuna maktaba, na watu hufanyia mikutano na sherehe. Nairobi nako, jengo linalotunza Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue lilikuwa benki zamani. Tuliona jambo moja katika mifano hiyo yote. Majengo hayo yangefungwa kwa kufuli na kuachwa tu, yangeanguka. Yalidumu kwa sababu kila kizazi kiliyapa kazi, na penye watu kila siku, paa likivuja ataonekana wa kulisema.

Sasa tukiri kosa letu. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kwaya ilichanga pesa tukapiga kuta plasta ya simiti na kuzipaka rangi ya mafuta. Zilipendeza kwa mwaka mmoja. Kisha plasta ikaanza kufura na kubanduka, ikivuta na vipande vya mawe. Tulilaumu fundi, tukalaumu rangi. Baadaye fundi mzee wa chokaa alitueleza kwa upole. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa nje polepole kupitia chokaa, mithili ya mtu anavyopumua. Simiti ni ngumu na huziba pumzi hiyo. Maji hubaki ndani pamoja na chumvi, na chumvi ikikauka na kuganda hupasua ukuta. Tulikuwa tumelivisha jengo koti la mvua kwa ndani na nje, tukashangaa kwa nini linaumwa.

Basi tukaanza upya. Vijana wa sauti ya tatu na ya nne waliibandua simiti kwa patasi, taratibu ili wasiumize mawe. Mafundi wakapiga plasta ya chokaa na mchanga, nasi tukazuiwa kuharakisha kwa sababu chokaa hukauka kwa muda wake. Boriti za mikoko zilizooza zilibadilishwa; zilizo nzima ziliachwa. Madirisha hayakupanuliwa.

Hata hivyo hatukutaka kulirudisha jengo katika hali ya siku lilipojengwa. Wazee wetu wanaotembea kwa mkongojo hawawezi kupanda vidato vile vya mlangoni, kwa hiyo tulijenga njia ya mteremko kando yake. Umeme umeingizwa kupitia mifereji iliyopachikwa juu ya ukuta, bila kuuchimba. Vyoo vimejengwa nje. Leo jengo lina kazi wiki nzima: chekechea asubuhi, mazoezi ya kwaya Jumatano na Jumamosi jioni, shule ya Jumapili baada ya ibada. Ada ya chekechea huingia katika mfuko wa karo za yatima. Haifikii kodi ambayo vibanda vingeleta, nasi hatutaki kuficha hilo. Lakini watoto wale wanajifunza kuimba mahali bibi zao walipojifunzia.

Kazi iliyobaki ni paa. Mabati ya upande wa mashariki yamekula kutu, na sehemu ya sadaka ya shukrani ya leo imetengwa kwa ajili hiyo.

Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli waliagizwa kutoa mawe 12 katika mto Yordani, ili siku moja watoto wao waulize maana yake na wapate kuelezwa. Sisi tumeachiwa mawe mengi kuliko hayo, na watoto wa chekechea wameshaanza kuuliza. Baada ya ibada, karibuni mwingie mkalione jengo. Tutaimba humo wimbo mmoja, bila spika, kama walivyoimba waliotutangulia.