Kijiti cha sukari, nanotyubu, na kaboni ya Kamau

Leo naacha habari za programu kidogo. Rafiki yangu wa Rapsu, kule Isiolo upande wa Kinna, aliniuliza swali lililonikalisha macho: kile kijiti cha kupimia sukari hujuaje kilichomo kwenye tone la damu? Na nanotyubu za kaboni zinazosifiwa mtandaoni, je, zitatupa kijiti kisichoogopa joto? Mama yake ana kisukari. Vikebe vingi vya vijiti vimeandikwa visiwekwe penye joto la zaidi ya nyuzi 30, na mchana wa Rapsu huzipita hizo 30 bila kuomba ruhusa.

Hadithi inaanza Marekani. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons walieleza kifaa cha ajabu kwa urahisi wake. Clark tayari alikuwa na elektrodi ya kupima oksijeni. Walichoongeza ni kimeng'enya kinachokula glukosi na kutumia oksijeni kikila. Oksijeni ikipungua, mkondo wa umeme unapungua, nawe unajua sukari ni kiasi gani. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford na Cranfield, Uingereza, wakaweka ferosini ibebe elektroni badala ya oksijeni, na kufikia 1987 kipimo chenye umbo la kalamu kilikuwa sokoni. Vijiti vingi vya leo ni wajukuu wa hicho: kaboni au metali iliyopakwa kwenye plastiki, kimeng'enya, na kemikali ya kubeba elektroni. Kimeng'enya ni protini, na protini haipendani na joto wala unyevu. Ndiyo sababu ya yale maandishi ya kwenye kikebe.

Sasa nanotyubu. Sumio Iijima wa Japani ndiye aliyezipa umaarufu mwaka 1991, ingawa Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamechapisha picha za nyuzi tupu za kaboni tangu 1952. (Waliandika kwa Kirusi, wakati wa vita baridi. Nani angewasoma?) Mwaka 1996 Britto na wenzake walitengeneza elektrodi ya nanotyubu wakapima dopamini, kemikali ya ubongo. Kisha kuanzia 2002 Joseph Wang na Mustafa Musameh walionyesha kwamba juu ya nanotyubu baadhi ya molekuli za mwilini hutoa elektroni kwa volti ndogo zaidi. Volti ndogo maana yake vitu vingine vya damuni haviingilii kipimo. Makala zikamiminika kama mvua ya masika. Wengine walitumaini hata kimeng'enya kingeachwa kabisa.

Halafu kikundi cha Richard Compton, Oxford, kikauliza swali la kuudhi: ni nani hasa anafanya kazi hapo? Mwaka 2004 walionyesha kwamba kingo za grafaiti ya kawaida, ile jamaa ya risasi ya penseli, hufanya karibu yale yale. Mwaka 2006 wakaja na kubwa zaidi: katika kupima haidrojeni peroksaidi, sifa zilikuwa za chembe za oksidi ya chuma, mabaki ya chuma kilichotumika kuotesha nanotyubu. Sisi waandika programu tunaijua hali hii. Unabadilisha maktaba, programu inakimbia, unaisifu maktaba mpya, kumbe ni keshi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kukuta swali hilo hilo la uso wa kaboni kwenye makala ya 1985, kabla nanotyubu hazijavuma. Mwandishi wa kwanza ni Geoffrey Kamau, Mkenya, pamoja na Willis na James Rusling, Chuo Kikuu cha Connecticut. Waliing'arisha elektrodi ya kaboni kwa uangalifu mkubwa, wakaichunguza uso wake kwa spektroskopi ya elektroni, ili kuona hali ya uso inavyobadilisha mwendo wa elektroni. Kazi ya subira, isiyo na vichwa vya habari.

Rusling mwenyewe alifika kwenye nanotyubu baadaye. Mwaka 2006 kikundi chake kilizisimamisha wima kama msitu, kikazifunga kingamwili kwenye ncha, na kuzitumia nyingine kubeba vimeng'enya kwa wingi, wakanasa PSA, protini inayopimwa katika saratani ya tezi dume, kwa kiasi kidogo mno. Kwa maoni yangu hapo ndipo zinapostahili sifa: kama ukuta wenye ndoano nyingi na kama mbebaji. Lakini tazama, kimeng'enya bado kipo. Basi jibu la Rapsu kwa sasa ni hapana, msitu huo haujaondoa kile kinachoogopa jua.

Kamau alirudi nyumbani akawa profesa wa kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, na akaendelea na elektrokemia.